Bamia, kunde na bata mzinga wa ukweni: vyakula hivi ni vya nani?

"Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni mama wa Tanga, miaka 64, nimekuja kukaa na mwanangu hapa Ohio. Mkewe ni Mmarekani mweusi, kwao South Carolina. Mwaka jana tulikwenda kwao Siku ya Shukrani, ile sikukuu yao ya Novemba ya bata mzinga na pai ya boga. Nilitegemea kukuta vyakula vya kigeni, nikakuta bamia, wali, sukuma wiki, viazi vitamu, hata karanga za kuchemsha. Nikaambiwa ningekaa hadi Mwaka Mpya ningepikiwa wali na kunde. Nikasema kwa furaha, 'Kumbe hivi ni vyakula vyetu!' Mwanangu akacheka, akasema Wamarekani hawana chakula chao: hambaga ya Wajerumani, piza ya Wataliano, na kilichobaki wamekiiba. Mama yake mkaza mwanangu hakusema neno, ila uso ulibadilika. Tangu siku hiyo sina raha. Mwaka huu tumealikwa tena na nimeombwa nije na chakula. Nataka nipike pilau. Je, nilichosema kilikuwa kweli? Bata mzinga na pai ya boga vilitoka wapi? Ni kweli kunde za Mwaka Mpya ni kumbukumbu ya watumwa kuachwa huru? Tena mimi ni Muislamu, sikuvigusa vyakula vingi kwa kuogopa nguruwe, na nadhani hilo nalo liliwaudhi."

Wa alaykum salaam mama, na shikamoo.

Maswali yako ni mengi, lakini nikiyasoma mara ya pili naona wasiwasi ni mmoja: je, uliwakosea wakwe ulipoviita vyakula vyao "vyetu"? Nianze na hapo, bata mzinga atatusubiri. Ulilosema wewe lina ukweli mwingi kuliko alilosema mwanao. Utata uko kwenye lile neno la mwisho. "Sisi" ni akina nani? Nikishakueleza bamia ilivyofika kule utaona kwa nini nauliza. Na kama kuna kauli iliyomnyamazisha mama yule, mimi ningeitafuta kwanza kwenye kicheko cha kijana wetu. Mwanamke ameamka alfajiri kupika kama alivyopika mama yake na bibi yake, na nyuma ya bibi yake kuna waliopika wakiwa mali ya mtu mwingine. Halafu mgeni anamwambia, mezani kwake, kwamba hana chakula chake. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Kwenye kazi yangu nimejifunza kutokiuliza chakula asili yake kwa swali moja. Nauliza mmea au mnyama alitoka wapi. Nauliza jina limetoka wapi. Nauliza mikono iliyokipika ilijifunzia wapi, na nani aliyekipeleka mezani siku hiyo ya sikukuu. Ni nadra sana majibu hayo yote yakakutana mji mmoja.

Chukua hambaga ya mwanao. Jina kweli ni la Hamburg, bandari ya Ujerumani, na karne ya 19 mikahawa ya New York iliuza nyama ya ng'ombe ya kusaga kwa jina la mji huo, kwenye sahani, kwa uma na kisu. Ila nani aliyeibana kwanza katikati ya mkate? Watu wa Wisconsin wanadai ni kijana wao, mwaka 1885. Connecticut wanadai ni mkahawa wao wa New Haven, mwaka 1900. Texas nao wana mtu wao. Ugomvi wote uko Marekani, Wajerumani hawamo. Mwaka 1921, huko Wichita, Kansas, mkahawa wa White Castle ukaanza kuziuza kwa senti tano kila moja, na biashara ya hambaga tunayoijua ikaanzia pale. Na kwa kuwa umetaja dini: lile "ham" la mwanzoni ni la jina la mji, halihusiani na nguruwe. Wapo Waislamu wengi wanaoikwepa kwa sababu ya jina tu. Nyama yake ni ya ng'ombe. Kama amechinjwa kihalali ni swali la bucha.

Piza nayo, sawa, ni ya Wataliano, lakini Italia haikuijua nyanya mpaka Wahispania walipoitoa Amerika katika karne ya 16. Na mwanao asiishie hapo, ahamie jikoni kwenu. Mahindi, mihogo, nyanya, pilipili mbuzi, karanga, maharage, maboga, viazi vitamu, nanasi, papai: vyote asili yake ni Amerika, vikaja kwetu baada ya 1492. Ondoa hivyo vyote sahanini uone Tanga itabaki na nini. Kama kula kilichotoka kwa wengine ni wizi, basi ugali na maharage ya Ngamiani yote ni mali ya wizi.

Sasa bata mzinga. Huyu ni Mmarekani wa kuzaliwa, ila safari yake inachekesha. Wenyeji wa Mexico walimfuga karne nyingi kabla ya mzungu kufika. Wahispania wakampeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, akazaliana huko, kisha walowezi wa Kiingereza wakampakia melini na kumrudisha ng'ambo, kwenye misitu ambako ndugu zake wa porini walikuwa wakitembea bure. Bata mzinga wa dukani leo ni wa ukoo ule uliokwenda Ulaya ukarudi. Na jina lake hakuna anayelitaka. Waingereza walimwita ndege wa Uturuki. Waturuki wanamwita hindi, yaani wa India, na Wafaransa vilevile. Wareno wakasema ni wa Peru. Wamisri wanamwita dik rumi, jogoo wa Rumi, na Walebanoni dik habash, jogoo wa Uhabeshi. Sisi tulimtazama kuku mkubwa mwenye shingo nyekundu, tukasema ni bata.

Unaposikia kwamba Wazungu wa kwanza na Wahindi Wekundu walikaa pamoja wakala bata mzinga na pai ya boga mwaka 1621, ujue sehemu ya hadithi hiyo ni kweli na sehemu imepikwa baadaye. Sherehe ilikuwapo, Plymouth, Massachusetts. Tunaijua kwa barua ya Edward Winslow ya Desemba 1621: watu wanne walitumwa kuwinda ndege, chifu Massasoit wa Wawampanoag akaja na watu wapatao tisini, wageni wakaua paa watano, wakala siku tatu. Ndege aina gani, Winslow hakutaja. Bata mzinga mwitu walikuwapo eneo lile, lakini bata maji na bata bukini walikuwapo pia. Pai haikuwezekana: hapakuwa na unga wa ngano wa kutosha, wala siagi, wala tanuri. Viazi mviringo vilikuwa havijafika. Kranberi, yale matunda mekundu machachu, yaliota pale, lakini bila sukari huwezi kuyafanya mchuzi ule mtamu uliowekewa pembeni ya nyama.

Aliyeipanga meza uliyoikuta ukweni ni mwanamke mmoja mhariri wa gazeti la akina mama, Sarah Josepha Hale. Mwaka 1827 aliandika riwaya yenye sura nzima ya karamu ya shukrani ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, bata mzinga wa kuokwa akiwa kichwani mwa meza na pai ya boga ikisifiwa. Kisha akawaandikia marais kwa miaka mingi, mmoja baada ya mwingine, siku hiyo iwe ya taifa zima. Abraham Lincoln akakubali Oktoba 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Alhamisi ya nne ya Novemba iliwekwa na Bunge mwaka 1941. Kwa hiyo sikukuu hii kama mnavyoila ni mtoto wa karne ya 19, aliyevalishwa nguo za 1621. Wawampanoag wenyewe wapo, na tangu 1970 wengi wao hukutana Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Ukikutana na Mmarekani asiyeisherehekea, usishangae.

Boga ni la Amerika, pai ni ya Waingereza. Mwaka 1796, huko Hartford, Connecticut, Amelia Simmons alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mapishi kuandikwa na Mmarekani, na humo mna boga lililochanganywa na maziwa, mayai, molasi na tangawizi likaokwa ndani ya unga. Mna pia bata mzinga anayeliwa na mchuzi wa kranberi. Molasi ile ilitoka visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa ya watumwa. Viungo nitavirudia, maana hapo ndipo Unguja inaingia.

Vingine havina siri ya mababu. Yale maharagwe mabichi yaliyookwa kwa supu ya uyoga ya kopo yalibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly, mfanyakazi wa jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell, Camden, New Jersey. Viazi vitamu vilivyofunikwa mashimelo, vile vibonge vyeupe laini kama sponji, vilitokana na kijitabu cha matangazo cha kiwanda cha mashimelo cha mwaka 1917. Lakini makaroni na jibini yasikudanganye kwa kuwa siku hizi yanauzwa kwenye boksi. Waingereza waliyapika zamani, ila kwenye meza za wakubwa wa Marekani yalipata jina kupitia nyumba ya Thomas Jefferson, na aliyesimama jikoni ni James Hemings, mtumwa wake, aliyepelekwa Paris mwaka 1784 akafundishwa upishi wa Kifaransa. Alipewa uhuru 1796 baada ya kumfundisha ndugu yake kazi yote. Imebaki karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwaka huo: orodha ya vyombo vya jikoni. Jefferson ndiye anayetajwa sana. Masufuria aliyahesabu Hemings.

Bamia ndiyo iliyokufanya useme "vyetu". Kusini mwa Marekani kuna mchuzi mzito wa Louisiana unaoitwa gumbo. Wanaisimu wengi wanalitoa neno hilo kwenye lugha za Angola. Kwa Kimbundu bamia ni ki-ngombo. Tazama vizuri lile ki- la mwanzo. Ni kiambishi kilekile cha kiti na kisu! Kimbundu ni ndugu wa Kiswahili, wote Kibantu. Louisiana walikidondosha kiambishi, wakabaki na gombo. Wakuba hawakukiacha: kwao bamia bado ni quimbombó. Mwanamke alitolewa Luanda akiwa hana hata kipande cha nguo cha kwake, lakini ngeli ya ki-vi akavuka nayo bahari. Nimefundisha habari hii miaka mingi na bado hunisisimua.

Ila nisikuuzie nusu ya habari. Wapo wanaosema gumbo limetokana na neno la Wachoktau, wenyeji wa pale, la unga wa majani ya sasafrasi unaotumika kuuvutisha mchuzi huohuo. Na gumbo ya leo ina unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta, mbinu ya Kifaransa. Kwangu mimi jina na bamia ni vya Afrika, sasafrasi ni ya Wachoktau, unga wa kukaanga ni wa Wafaransa, na sufuria ni la Louisiana.

Karanga za kuchemsha zina kisa kilichopinda zaidi. Mmea ni wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika karne ya 16, ukapendwa, ukavuka tena na watumwa kwenda Amerika ya Kaskazini ukiwa na jina la Kikongo: nguba. Wazee wa kusini mwa Marekani husema "goober", na ukienda Kinshasa leo muuza karanga atakuuzia nguba. South Carolina wamezifanya karanga za kuchemsha kuwa kitafunwa rasmi cha jimbo, mwaka 2006. Kwa hiyo mmea wa Amerika ulirudi Amerika ukiwa na jina la Kiafrika. Uuite wa nani? Kunde, kwa upande mwingine, hazina utata: zilianza kulimwa Afrika. Biskuti za ufuta za Charleston nazo bado zinaitwa benne, neno la Afrika Magharibi.

Sasa lile "vyetu". Kati ya Waafrika milioni 12.5 waliopakiwa kuvuka Atlantiki, takriban 388,000 ndio waliopelekwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini, na karibu wote walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola. Watu wa pwani yetu waliopelekwa huko walikuwa wachache sana. Wa kwetu wengi waliishia Unguja, Pemba, Uarabuni, Bukini (Madagaska) na visiwa vya Bahari ya Hindi, na wengine Brazil kupitia Msumbiji. Mtu wa Tanga akisema "vyetu" anasema kweli kama Mwafrika na kama Mbantu, lakini si kweli kwamba ni bibi zake yeye walioipeleka bamia Charleston. Tofauti hiyo ni ndogo kwako na kubwa kwao, kwa sababu wao ndio waliobeba. Ungesema "hivi vinafanana na vya kwetu, mlivipata vipi?" ungempa mama yule nafasi ya kusimulia.

Na cha kusimulia wanacho, hasa kuhusu wali. South Carolina ilitajirika kwa mpunga karne ya 18. Simulizi ya Charleston husema mbegu ilishuka kwenye meli iliyotoka Madagaska miaka ya 1680. Mpunga uliolimwa sana ulikuwa wa jamii ya Asia, lakini waliochimba mifereji, waliopanda, waliotwanga na kupepeta walikuwa Waafrika, wengine wakitoka nchi za Senegambia na Sierra Leone ambako mpunga ulilimwa zamani. Wasomi wamegombana hapa. Mwaka 2001 Judith Carney alisema ujuzi wenyewe wa kilimo hicho ulitoka Afrika. Mwaka 2007 David Eltis na wenzake wakapekua hesabu za meli wakasema ushahidi hautoshi kudai hivyo. Mimi shambani nasitasita, ila jikoni na uani niko na Carney. Nilipita Mount Pleasant, nje ya Charleston, kwenye barabara kuu namba 17 ambako akina mama wa Kigullah, wazao wa watumwa wa pwani ile, huuza vikapu kando ya njia. Mmoja alikuwa na cha duara, kipana, kina kidogo. Nikamwomba nikishike. Mikono yangu ikafanya yenyewe: ikakirusha juu kidogo na kukirudisha, fyu, fyu, kama ungo. Mama yule akacheka, akasema bibi yake alifanya hivyohivyo. Kinu na mchi wanavyo pia, vimewekwa makumbusho. Hakuna aliyehitaji kunifasiria.

Kunde na wali wa Mwaka Mpya huitwa Hoppin' John. Pishi lake lilichapishwa Charleston mwaka 1847, kwa hiyo chakula chenyewe ni cha zamani kuliko uhuru. Je, huliwa kwa ajili ya uhuru? Usiku wa Desemba 31, 1862, weusi wengi walikesha makanisani kusubiri tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa lianze kazi, na kesho yake, Januari 1, 1863, lilisomwa mbele ya maelfu ya watu chini ya mialoni huko Port Royal, South Carolina. Walioandika habari za siku ile wametaja walichokula na kunywa: ng'ombe wazima waliochomwa motoni, na mapipa ya maji yenye molasi, siki na tangawizi. Kunde hazimo. Kuna pia hadithi kwamba jeshi la Sherman, jenerali wa upande wa kaskazini katika vita vile, lilipopora kusini liliziacha kunde kwa kudhani ni chakula cha mifugo. Hiyo naiweka kwenye fungu la hadithi tamu.

Lakini usiende kumwambia mama mkwe wa mwanao kwamba imani yake ni uongo. Kabla ya 1863, Januari 1 ndiyo ilikuwa siku ya kukodisha watumwa. Mtu aliamka hajui kama jioni atalala nyumba moja na watoto wake. Siku hiyohiyo ikageuka kuwa siku ya uhuru. Watu wakichukua chakula walichokuwa nacho, wakakifunga na siku hiyo, ukumbusho ni wa kweli hata kama sufuria ilitangulia.

Ukisoma menyu za South Carolina utakuta neno "perloo" au "purlow". Wengine wanaliandika bila kificho: pilau. Ni wali uliopikwa ndani ya supu ya nyama, mara nyingi kuku au kamba. Neno ni lilelile la Kiajemi. Kwenu Tanga lilifika kwa Bahari ya Hindi, mikononi mwa Waajemi, Waarabu na Wahindi. Kule wengi wanaitaja njia ya Mediterania, pamoja na Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbilia Charleston miaka ya 1680 na kuendelea. Mapishi mawili yenye jina moja yalizunguka dunia kwa njia mbili, na Novemba hii yatakutana kwenye meza moja. Yao haina karafuu wala bizari nzima, haina ule weusiweusi wa vitunguu vilivyoungua kwa makusudi. Usitegemee wataitambua kwa macho. Wataitambua kwa jina.

Karafuu hizo sasa. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts si mbali sana na Plymouth, wakawa wateja wakubwa wa Unguja: pembe, sandarusi, ngozi, karafuu. Aprili 1840 jahazi la Sultani, al-Sultanah, lilitia nanga New York na nahodha Ahmad bin Na'aman, likiwa na tende, kahawa, mazulia na magunia ya karafuu. Pai ya boga ya vitabu vya baadaye ikaongezewa karafuu, na sehemu ya karafuu za New England ilitoka kwetu. Walichotuletea wao ni kitambaa, ile marekani ambayo bibi zetu waliivaa, iliyofumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Na karafuu za Unguja nazo zilichumwa na watumwa. Nakuambia hili, mama, kwa sababu ukikaa na watu wale mazungumzo yatafika huko, na ni vizuri yakikukuta unajua kwamba sisi nasi hatuko safi.

Kuhusu nguruwe, wasiwasi wako ulikuwa na sababu, ila ulikwepa visivyo. Sukuma wiki ya kusini kwa desturi huchemshwa na kongoro la nguruwe aliyekaushwa kwa moshi. Kunde za Mwaka Mpya vilevile. Mikate na pai, unga wake wakati mwingine huchanganywa na mafuta ya nguruwe. Mashimelo hutengenezwa kwa jelatini, na nyingi ni ya nguruwe. Mkate uliojazwa ndani ya bata mzinga unaweza kuwa na soseji. Wali mweupe, viazi vitamu vya kuoka bila urembo, karanga na kranberi kwa kawaida havina shida. Mara nyingi kongoro linaweza kubadilishwa na bawa la bata mzinga la kukaushwa kwa moshi, na familia nyingi tayari zinafanya hivyo kwa ajili ya presha. Mwambie mkaza mwanao aulize wiki mbili kabla, wala si mezani sahani ikiwa mkononi. Mtu akisusa sufuria bila kueleza, mpishi hudhani amesusiwa yeye. Mambo ya kuchinja na vyombo vilivyopikiwa nguruwe, muulize imamu wa msikiti wenu. Mimi ni mtu wa historia tu.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Ikiwa familia ile itataka kujua babu zao walitoka wapi hasa, bamia haitawaambia, wala mimi. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika walioachwa huru kwa majina. Nyuma ya hapo inahitaji mtu wa nyaraka anayejua wosia na hati za mauzo. Charleston kuna Makumbusho ya Kimataifa ya Waafrika Wamarekani, yaliyofunguliwa 2023 kwenye gati la Gadsden waliposhushwa watumwa wengi, na ndani yake kuna kituo cha kusaidia watu kutafuta koo zao. Nendeni pamoja, siku ya kawaida, si ya sikukuu. Na muwe na muda. Watu hutoka pale hawataki kuongea.

La mwisho ni pilau yako. Usiipike Ohio. Kufika South Carolina ni mwendo wa saa nyingi barabarani, na wali uliopikwa ukikaa zaidi ya saa mbili nje ya friji huanza kuzaa vijidudu, na sumu vinayoiacha haiondoki kwa kupasha moto. Beba bizari nzima, mdalasini, hiliki, pilipili manga na karafuu kwenye chupa ndogo. Mchele na nyama mtanunua huko. Mpigie mama yule simu sasa, mwenyewe, umwombe jicho moja la jiko lake asubuhi ya Alhamisi. Oveni yote itakuwa ya bata mzinga, lakini juu ya jiko hakukosekani nafasi. Kisha wakati vitunguu vinaelekea kuwa vyeusi na anakutazama akidhani unaunguza, mwulize yeye perloo ya kwao huanza na nini.